Upinde na Mshale Tanga: Ukiona Dalili Hizi, Simamisha Mazoezi

Viwanja vingi tunavyofanyia mazoezi ya upinde hapa Tanga havikujengwa kwa kazi hiyo. Ni uwanja wa shule baada ya masomo, ni kipande cha shamba la mkonge kilichoachwa, ni uwazi chini ya minazi upande wa Sahare au Mwambani. Hakuna ukuta wala wavu, na njia ya mkato ya watu ilikuwepo kabla yetu. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga kwa dalili: unachokiona, unachokisikia au unachokihisi, kisha vyanzo vyake, kisha la kufanya. Ajali nyingi za upinde hutanguliwa na taarifa. Kuna sauti ngeni, alama kwenye ngozi, au mshale uliokwenda usikotumwa, na aliyekuwepo akaendelea kuvuta.

Likitokea lolote kati ya haya, hatua ya kwanza haibadiliki. Ncha ibaki inaelekea shabaha, rudisha uzi polepole bila kuuachia, toa mshale, uweke kwenye podo. Ndipo utafute chanzo, na utafute kwa mpango huu: watu, uwanja, mshale, upinde, mwisho mwili wa mpigaji. Makocha wengi huanza na mkao wa mpigaji. Mimi nasema kasoro inayoweza kuua mara nyingi iko mita arobaini mbele yake, kwa hiyo inua macho kwanza.

Watu wanakatiza nyuma ya shabaha

Hili nitalikalia kuliko mengine, maana ndilo tatizo letu la kila siku.

Huenda shabaha imewekwa juu ya njia. Kabla ya kuisimamisha, tembea nyuma yake na pembeni mpaka mbali, ukiangalia chini. Ukikuta ukanda wa udongo mgumu usioota nyasi, hiyo ni njia, hata kama saa hiyo haina mtu. Mchuuzi wa samaki atapita hapo na baiskeli, watoto watapita wakitoka madrasa, mbuzi nao hawana ratiba. Kibao cha "Hatari" hakitoshi, kwa sababu watu hawataacha njia waliyoizoea tangu utoto kwa ajili ya mchezo wa vijana wachache. Geuza uwanja wako.

Huenda pia mmedharau umbali. Upinde wa ratili 30 (ratili hapa ni nguvu ya kuuvuta, si uzito wa upinde wenyewe), ambao wengi huuona wa kujifunzia tu, ukielekezwa juu hupeleka mshale zaidi ya mita 150. Kwa hiyo mita kumi za uwazi nyuma ya shabaha si kitu. Pazuri ni penye tuta la udongo au kifusi kinachozidi kimo cha mtu, kipana kuliko safu ya shabaha. Kama tuta hakuna, nisingeruhusu mshale mmoja uondoke pasipo uwazi wa angalau mita 50 nyuma ya shabaha, ninaouona wote kwa macho yangu, na hapo nazungumzia wapigaji wa masafa mafupi wanaovuta upinde ukiwa sawa na bega. Jiwe la matumbawe, ukuta wa tofali na shina la mwembe visihesabiwe kuwa kinga. Mshale ukivigonga huruka pembeni au huvunjika vipande, na hakuna ajuaye vipande vitaishia wapi.

Kuna wanaopendekeza kupiga kuelekea baharini, wakisema kule hakuna mtu. Anayesema hivyo hajakaa pwani wakati wa bamvua. Maji yakitoka, ule uwazi uliokuwa bahari saa nne zilizopita unajaa kina mama wanaotafuta pweza na kombe, wameinama, na kwa mbali huwezi kuwatofautisha na mawe. Ngalawa nazo hupita karibu na ufuko bila kukutaarifu. Bahari ihesabiwe kuwa barabara ya watu.

Mistari ya mkonge nayo inadanganya. Ukiwa mbali unaona ukuta wa kijani, lakini mshale hupita katikati ya majani, na mkataji mkonge aliyeinama kazini haonekani mpaka asimame. Ukitaka kutumia kipande cha shamba, muulize msimamizi wa shamba siku ile ile wakataji wako upande gani. Jibu la wiki iliyopita halikufai.

Chanzo kingine ni jua. Tanga iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu huchomoza baharini na kuzama upande wa Usambara. Uwanja unaoelekea mashariki humpofusha mpigaji asubuhi, na unaoelekea magharibi humpofusha jioni, ambao ndio muda wa mazoezi ya wanafunzi. Aliyepofushwa huiona shabaha kwa shida, na mtu aliyesimama nyuma yake hamwoni kabisa. Pangeni mstari muelekee kaskazini au kusini.

Halafu kuna suala la amri. Kila mazoezi yawe na mtu mmoja asiyeshika upinde, kazi yake ni mstari. World Archery, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kina ishara zake za filimbi, na hakuna sababu ya sisi kubuni nyingine: milio miwili, wapigaji wanakwenda kwenye mstari, mmoja, wanaanza, mitatu, wamemaliza na wanakwenda kuchukua mishale, mitano au zaidi mfululizo, kila mtu asimame hapo hapo, kuna hatari. Ila angalia jirani zako. Kama pembeni kuna mechi ya chandimu yenye refa na filimbi, wapigaji wako watachanganyikiwa. Siku hiyo tumia kengele ya shule. Pamoja na filimbi au kengele, neno "Simama!" likitamkwa na yeyote, hata mtoto mdogo kuliko wote, litiiwe bila kuulizwa. Aliyekosea kulitamka asichekwe, maana akichekwa leo, kesho atanyamaza.

Mpita njia naye aitwe kwa adabu. "Shikamoo bibi, samahani, tupe dakika tushushe pinde upite," humsimamisha mtu pale pale aliposimama. Ukimfokea atakata kona kwa hasira, tena polepole. Na anapopita, kutovuta pekee hakutoshi. Pinde zote ziwe chini na mishale iwe kwenye podo mpaka avuke kabisa.

Mishale inapita juu ya shabaha

Ukiona mshale mmoja umevuka juu, usiseme bahati mbaya. Tazama mpigaji anavyovuta. Wengi huinua upinde mbinguni ndipo wavute, kisha washuke nao kwenye shabaha. Vidole vikiteleza wakati huo, mshale unakwenda masafa yake yote. Karibu kila mara sababu ni upinde mzito kuliko misuli ya mtu, naye anatafuta msaada wa mgongo kwa kuuinua. Dawa ni kumpa upinde mwepesi. Mahubiri kuhusu mkao hayatamwongezea nguvu.

Ikiwa anavuta sawa na bado mishale inapanda, angalia pale mshale unaposhika uzi. Alama ya uzi ikiwa chini mno, nyuma ya mshale hukaa chini na ncha hutazama juu. Alama hiyo ikaguliwe kila siku, maana husogea taratibu bila mtu kugundua.

Masafa nayo ni chanzo. Vijana wameona Olimpiki, ambako hupigwa mita 70 kwa shabaha yenye upana wa sentimita 122, na wanataka mita 70 wiki ya kwanza. Mwanafunzi mpya aanze mita 5 hadi 10 na gunia kubwa mbele yake. Anapoweza kuweka mishale yote ndani ya gunia, raundi baada ya raundi, ndipo arudi nyuma hatua chache. Mita 18, ambayo ndiyo masafa ya mashindano ya ndani, inamtosha mtu kwa miezi mingi.

Wakati wa kusi kali, stendi hutikisika na kuanguka na mishale ikiwa imo. Zifunge kwa kamba na vigingi pande zote mbili. Upepo ukifikia kusukuma mishale nje ya gunia kwa masafa mafupi, siku hiyo imekwisha.

Mshale unadunda kurudi, au unatoboa gunia na kutokea nyuma

Tanga tuna bahati ya magunia ya mkonge, na gunia lililoshindiliwa nguo chakavu ni shabaha nzuri kweli kwa pinde za kujifunzia. Ila nguo za mitumba huja na vifungo, zipu na vishikizo vya chuma. Mshale ukikutana na kifungo unarudi ulikotoka, na nimeuona ukitua nyuma ya mstari wa wapigaji. Kabla ya kujaza, kaeni chini mkate kila kifungo na kila zipu. Vipande vya mafundi cherehani ni bora zaidi kwa kuwa havina kitu kigumu. Mshale ukidunda mara moja, simamisheni zamu, fungueni gunia, mtafute kilichouzuia. Angalieni pia kama uligonga fremu ya mbao.

Kutoboa husababishwa na kupiga pale pale kila siku. Katikati hulainika huku pembeni kukibaki kugumu. Ligeuze gunia, ushindilie upya kwa mguu, na usogeze karatasi ya shabaha. Mvua za masika huozesha mkonge kwa ndani, na gunia lililolala nje likalowa hupoteza ugumu bila kuonyesha kwa nje. Lihifadhi juani siku za jua, ndani siku za mvua.

Mlio wa kupasuka kwenye mshale

Hapa hakuna mjadala. Mshale wa kaboni wenye ufa unaweza kuvunjika wakati uzi unausukuma, na vipande vyake vikaingia kwenye mkono ulioshika upinde. Ni nyuzi nyembamba ngumu zinazokatika ndani ya nyama, na daktari huzitafuta moja moja.

Vyanzo ni kugonga jiwe, kugonga fremu, kugongwa na mshale mwingine, au kukanyagwa kwenye nyasi. Kagua kila mshale uliokutwa na moja ya haya kabla haujarudi kwenye uzi. Ushike pande mbili, uukunje kidogo mbali na uso, usikilize. Zungusha robo, rudia, mpaka umemaliza mduara. Kisha pitisha kidole taratibu kwenye mwanya wa plastiki wa nyuma, ule unaoshika uzi, maana mwanya uliopasuka huufanya uzi uondoke mtupu. Ukisikia mlio, hata mdogo, mshale huo umekufa. Usiufunge plasta, usiutie gundi. Uvue manyoya na mwanya wake ili asiweze mwingine kuupiga, uufunge kwenye gazeti, utupe.

Wa alumini huonyesha kwa kupinda. Uviringishe juu ya meza uone kama unacheza. Wa mti au mwanzi ukaguliwe kwa jua: ukiona mstari wa nyuzi za mti unaokata upande hadi upande badala ya kwenda na urefu wa mshale, utakatika hapo.

Urefu nao una hatari yake. Mshale mfupi, mtu akivuta hadi kidevuni, ncha hurudi nyuma ya kiegemeo, pale mshale unapolala kwenye upinde, na kuangukia juu ya mkono wake mwenyewe. Anayeanza apewe mshale unaozidi kiegemeo kwa angalau inchi 2 akiwa amevuta kabisa. Watoto hukua, na mshale uliomtosha mwaka jana huenda leo ni mfupi.

Upinde umelia kwa nguvu na kutetemeka

Ukisikia mlio mkali usio wa kawaida na mkono ukapata mtikisiko, uliza kwanza kama mshale uliondoka kweli. Kuachia uzi mtupu ni kosa linaloharibu upinde kuliko jingine lolote. Nguvu iliyopaswa kuchukuliwa na mshale hurudi kwenye mabawa ya upinde, yaani zile pande mbili zinazojikunja ukivuta, nayo hupasuka, papo hapo au siku nyingine mtu akiwa amevuta na uso uko karibu. Wageni wanaotembelea mazoezi hupenda kujaribu "kuvuta tu kidogo". Mkatalie mgeni kwa upole, na kama ni mkubwa wako mwambie, "Mzee, naomba tuweke mshale kwanza, tusimame kwenye mstari."

Ikishatokea, vua uzi. Pitisha kipande cha pamba kwenye mabawa yote mawili, mbele, nyuma na kingoni. Nyuzi za pamba zikinasa mahali, pana ufa. Tazama ncha ambako uzi hukaa, na utazame uzi wenyewe. Bawa lenye ufa halitengenezwi kwa gundi ya dukani.

Kama mshale uliondoka na bado upinde unalia, kuna vyanzo vitatu vya kawaida. Mshale ni mwepesi mno kwa upinde huo, na hilo linakaribia kuachia uzi mtupu. Au mwanya wa nyuma umelegea kwenye uzi. Jaribu kwa kuning'iniza mshale kwenye uzi, ncha chini. Unapaswa kukaa bila kuanguka, na ukigonga uzi kwa kidole karibu nao, uachie. Au nafasi kati ya uzi na mshikio imepungua. Kwa upinde wa kisasa wa inchi 68 wenye ncha zilizopinda mbele, nafasi hiyo huwa karibu inchi 8½ hadi 9, lakini karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Ikipungua, vua uzi, ongeza misokoto, uurudishe.

Kuhusu uzi nina neno kwa wenyeji wenzangu. Kamba ya mkonge inafunga jahazi na mizigo, lakini isiwekwe kwenye upinde wa mazoezi: ni ya mkwaruzo, hukatika nyuzi kwa ndani, na ikikatika mtu amevuta, upinde huumia na uso pia. Mshipi wa nailoni nao hunyooka na kupunguza ile nafasi niliyoitaja. Pinde za zamani za mbao zitumie uzi wa Dacron, wenye kunyooka kidogo, kwani nyuzi mpya zisizonyooka kabisa zinaweza kukata ncha zake. Uzi ukianza kuota manyoya, upake nta ya nyuki, ambayo kutoka Handeni haikosekani. Ukiona uzi mmoja umekatika ndani yake, nta haiponyi. Badilisha.

Na kuuweka uzi kwenye upinde, tumia kamba maalumu ya kukanyagia. Mtindo wa kupitisha mguu katikati na kukunja kwa paja husokota mabawa, na bawa likiponyoka hupiga jicho.

Alama nyekundu kwenye mkono

"Mwalimu, uzi umenichapa." Hilo litasemwa kila kundi jipya linapoanza. Jibu langu huwa, "Njoo hapa mwanangu, nyosha mkono," kwa sababu sababu iko kwenye kiwiko. Mtu akinyoosha mkono huku tundu la kiwiko likitazama juu, nyama ya mkono huingia kwenye njia ya uzi. Mwambie aweke kiganja ukutani kama anausukuma, kisha azungushe kiwiko bila kuhamisha kiganja, tundu litazame pembeni. Mkono huondoka njiani wenyewe. Wenye viwiko vinavyopinda kupita kiasi, na wasichana wengi wanavyo, walegeze kidogo badala ya kukaza.

Ikiwa kiwiko kiko sawa, angalia mshiko. Anayekamata upinde kwa ngumi hupindisha kifundo kuingia ndani. Kisha angalia nafasi ya uzi, ambayo ikiwa ndogo uzi husafiri mbali zaidi mbele kabla ya kusimama. Kinga ya mkono ivaliwe siku zote, lakini isitumike kufunika kosa. Uzi unaogonga kinga umeshabadili mwelekeo wa mshale, na hapo tunarudi kwenye mishale inayokwenda pembeni.

Mavazi ya pwani yanahitaji uangalifu wake. Mikono mipana ya baibui na kanzu hunasa uzi. Ikunjwe na kufungwa kwa kinga ya mkono juu yake. Ushungi upitishwe ndani ya blauzi, au ncha yake ifungwe nyuma, na khanga isiachwe ikining'inia begani. Hereni kubwa, mkufu, kalamu kwenye mfuko wa shati: vyote vitoke. Wenye kifua kipana wavae kinga ya kifua, na kocha wa kiume amwachie mwalimu wa kike kazi ya kuirekebisha.

Nywele ndefu zifungwe. Ndala ziachwe nje ya uwanja, kwani mshale uliozama kwenye nyasi hukaa umelala na mwanya wake ukitazama mguu wako.

Vidole vina ganzi, bega linauma

Ganzi ya vidole inayotoweka baada ya dakika chache inasema ngozi ya kukinga vidole ni nyembamba. Ongeza unene, punguza idadi ya mishale. Ganzi inayobaki mpaka kesho yake ni ya daktari.

Maumivu ya bega nayapa uzito zaidi. Bega halipoi haraka, na mpigaji mwenye bega linalouma huachia mshale kabla hajalenga, jambo ambalo ni hatari kwa wote. Chanzo kikubwa ni fahari ya kutaka upinde mzito. Kijana aanze na ratili 16 hadi 20, mtu mzima 20 hadi 26 kulingana na mwili wake. Kumbuka namba iliyoandikwa kwenye upinde wa kisasa hupimwa kwa mvuto wa inchi 28. Mwenye mikono mirefu huongeza karibu ratili 2 kwa kila inchi inayozidi, mwenye mikono mifupi hupunguza vivyo hivyo. Kipimo changu uwanjani ni rahisi. Asiyeweza kuuvuta upinde polepole ukiwa sawa na bega, akaushikilia bila kutetemeka na kuurudisha polepole, huo si wake bado.

Mtu amejeruhiwa na mshale uliokuwa umeshatulia kwenye gunia

Hutokea wakati wa kuchomoa. Mmoja anavuta, mwenzake amesimama nyuma, mshale unatoka ghafla na mwanya wake unaingia jichoni. Wachomoaji wawe mmoja kwa kila shabaha, kiganja kimoja kikandamize gunia, kingine kishike mshale karibu na gunia na kuuvuta moja kwa moja. Wengine wasimame pembeni. Kwenda kwenye shabaha ni kwa kutembea, hakuna kukimbia, maana mwenye kukimbia akijikwaa huangukia safu ya mishale.

Anayetafuta mshale uliopotea nyuma aweke upinde wake umeegemea mbele ya shabaha, ili anayerudi kwenye mstari ajue kuna mtu. Mishale ihesabiwe kabla na baada. Usiondoke umeacha mmoja kwenye nyasi za uwanja wa shule: kesho kutakuwa na watoto wa miguu mitupu, au mtu na fyekeo lake.

Mabawa yameanza kupinda, vyuma vina kutu

Joto na chumvi. Upinde uliofungiwa ndani ya gari lililopaki juani, au uliowekwa juu ya dari chini ya bati, gundi yake hulainika na tabaka huachana. Uhifadhi ndani, mahali pa kivuli penye hewa, umelala au umening'inia, usiegemezwe ukutani kwa miezi. Ukitoka ufukoni, futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo halafu kikavu. Skrubu zenye kutu zibadilishwe. Ukifungua na kuona bawa limepinda upande mmoja, uzi haukai katikati, usiupige.

Kwenye bodaboda au daladala, upinde uvuliwe uzi na uwe ndani ya mfuko. Ncha za mishale zivishwe kipande cha mpira wa maji. Nimeona podo wazi likipita usawa wa macho ya abiria waliokaa, na sitaki kuliona tena.

Kijana ameleta mishale ya babu

Huku kwetu, hasa kwa wanaotoka bara ya mkoa, Handeni na Kilindi, si ajabu mtu kukuta mishale ya kuwindia imechomekwa darini. Ataileta mazoezini kwa furaha. Isipokelewe mikononi. Sumu ya mishale Afrika Mashariki hutengenezwa kwa mti wa msunguti, nayo hushambulia moyo. Ikiwa imehifadhiwa pakavu, mbali na mwanga, hubaki na nguvu kwa miaka mingi. Ukiona ncha ya chuma yenye utando mweusi mgumu, au iliyofungwa ngozi au majani, chukulia kwamba ina sumu. Mchubuko mdogo unatosha kumpeleka mtu hospitali. Mwambie kijana airudishe ikiwa imefungwa vizuri, na mzee wa nyumba ajulishwe.

Wala wasidhani upinde ni kitu cha kutembea nacho popote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyoko kati yetu na Bagamoyo, upinde na mshale ni silaha. Ukipanga safari ya kundi huko, viache nyumbani.

Mshale umeingia mwilini

Usiuchomoe. Mshale uliobaki ndani unaweza kuwa ndio unaoziba mshipa uliokatika, na kuuvuta kunafungua damu na kuongeza kidonda. Piga milio mitano, pinde zote chini. Mlaze mtu, mwambie asijitikise. Viringisha khanga mbili, ziweke pande zote mbili za mshale, kandamiza kuzunguka jeraha bila kuusukuma mshale, kisha funga ili usicheze njiani. Asipewe chakula wala kinywaji, kwani huenda atahitaji upasuaji. Mshale usikatwe isipokuwa haiwezekani kabisa kumbeba ukiwa mrefu.

Ikiwa ni jicho, usilisafishe na usilibane. Funika kwa kikombe cha karatasi kilichofungwa kuzunguka, ili kitu chochote kisiguse, na mwambie atulize jicho la pili pia.

Kwa aliyeko mjini, mpeleke Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa. Panga gari kabla ya kila mazoezi, kwani bodaboda haiwezi kumbeba mtu mwenye mshale mwilini. Wakati wengine wanampeleka, mmoja aende kituo cha polisi kilicho karibu kuchukua PF3, kwa kuwa jeraha la namna hii litaulizwa fomu hiyo, na mmoja apige simu kwa wazazi kwa sauti ya utulivu, aseme hospitali gani na nani yuko naye. Anayebaki uwanjani auhifadhi upinde uliohusika na mishale yake bila kuigusa wala kuirekebisha, mpaka mjue ni mwanya, ni uzi, ni upinde mzito, au ni mtu aliyepita bila kuonekana.